Nani Nakwenda Majanji?

Nilisema tangu mwanzo na bado nasema: barua pepe ni ya makaratasi ya forodha, WhatsApp ni ya samaki. Samaki hangoji mtu afungue kompyuta. Bosi wetu hakukubali. Alikuwa akitafuta sababu ya kulifunga kundi letu la simu, na asubuhi ile tulimpa.

Nilikuwa ofisini Busia, upande wa Kenya, nikauliza kwenye kundi nani anapeleka barafu Majanji, ng'ambo ya Uganda, tunakonunua samaki. Mwenzangu wa ofisi ya Tororo, Uganda, akajibu neno moja: "Nakwenda." Sisi huku, nakwenda ni mimi. Basi nikajua anakwenda mwenyewe, nikamwambia dereva apumzike. Kumbe kwao nakwenda ni yeyote yule, naye alikuwa akimaanisha dereva.

Mama anayetuuzia sangara ndiye aliyetushtua. Sauti yake iliingia kwenye kundi, ya upole, na upole huo ndio ulionichoma: "Wanangu, jua limeshapanda. Barafu iko wapi?" Samaki wale ndio mtaji wake wote. Nilimpigia dereva, akaacha chai yake mezani. Barafu ikafika samaki hawajaharibika, lakini ilibaki kidogo tu waoze.

Jioni bosi akatuita sote ofisini. "Mnaona sasa? Kuanzia kesho ni barua pepe tu."

Nilikasirika, sifichi. "Bosi, huyu angeandika nakwenda hata kwenye barua pepe. Kosa ni letu, si la simu. Halafu nipe barua pepe ya mama wa Majanji nimwandikie leo."

Mama hana barua pepe. Ana simu yenye kioo kilichopasuka, na ana sisi. Kundi likifungwa, samaki wake wataoza huku sisi tumekaa tukiandikiana "kwa heshima na taadhima".

Mwenzangu wa Tororo akacheka. "Dada, kumbe siku zote hizi hatusikilizani."

Asubuhi iliyofuata, bosi mwenyewe ndiye aliyeuliza kwenye kundi nani anapeleka barafu. Jibu la Tororo likaja papo hapo, kwa herufi kubwa: "DEREVA NAKWENDA."

Na dereva, mtu wa upande wetu, akaandika chini yake: "Ndiyo, nakwenda."

Sikumsahihisha mtu.