P ya Serikali

Darasa langu la chekechea pale Griftu lilikuwa na watoto ishirini na sita, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na p. Si kwamba waliikataa. Kisomali hakina sauti hiyo, na mtoto haji shuleni na kitu ambacho nyumbani hakipo. Waliiangalia ubaoni kwa adabu, kisha wakasema "ba".

Chati niliyopewa ilikuwa na picha tatu za herufi hiyo: pera, papa na pweza. Griftu ni mji wa soko la mifugo, nyikani, mbali na bahari. Nilipoonyesha yule samaki mwenye meno na kusema "papa", darasa zima likajibu "baba", na mtoto mmoja akaanza kulia. Nikaikunja chati. Nikahamia kwa punda, kwa sababu punda wa kubeba maji alisimama nje ya dirisha letu kila asubuhi na hakuna aliyemwogopa. "Bunda," wakasema kwa furaha.

Mimi natoka mlimani, ambako p ni ya bure, na nina ubishi. Nikachana daftari vipande vyembamba, nikampa kila mtoto chake.

"Wekeni karamu chini," nikawaambia. "Shikeni karatasi mbele ya mdomo. Ukisema pa, karatasi inaruka. Ukisema ba, inatulia."

Wiki ya kwanza walisema ba, halafu wakapuliza. Karatasi ziliruka vizuri sana. Wiki ya pili nikawa napita kwa mmoja mmoja nikisema, "Si ba, pa. Si ba, pa," mpaka mwuza maziwa aliyepita na madumu yake akaanza kunisalimia, "Mwalimu, si ba, ba!"

Wa kwanza kuipata alikuwa msichana mdogo kuliko wote, aliyelelewa na bibi yake nyuma ya soko. Alisema "punda" na karatasi ikaruka, akashtuka, akasema tena. Siku hiyo alimwita punda mpaka mwenye punda akaja kuuliza kuna nini. Nilimpenda mtoto yule. Walimu tunaambiwa tusibague, na mimi nilibagua.

Karatasi yake akaenda nayo nyumbani. Kesho yake bibi akanijia mlangoni, amemshika mjukuu mkono.

"Mwalimu, wewe naharibu mtoto yangu."

"Amefanya nini, ayeyo?" Ndivyo nyanya anavyoitwa kwa Kisomali, na nilijua hapo si pa kusahau heshima.

"Chakula ikija, yeye nasema Bismillahi."

Nikasema hilo ni jambo jema.

"Habana! Hasemi Bismillahi. Nasema Bismillahi."

Nikafikiri kidogo. "Anatakiwa aseme nini?"

"Bismillahi."

"Na yeye anasema nini?"

"Bismillahi!" Alikuwa amekasirika sasa, na nilimwelewa. Mtu ameleta mashtaka na ulimi wake mwenyewe unamtetea mshtakiwa.

Mwishowe akamsukuma mjukuu mbele. Mtoto akatoa karatasi yake, akaiweka mbele ya mdomo, akasema kwa sauti kubwa, "Pismillahi." Karatasi ikaruka. Akaniangalia, akingoja nimpigie makofi.

Nilikuwa nimemwambia mtoto kwa majuma mawili kwamba b ni kosa, naye akaenda kulisahihisha kosa hilo kila mahali alipolikuta. Na mimi ni mgeni, tena Mkristo. Nilijieleza, lakini kadiri nilivyojieleza ndivyo nilivyosikika kama mtu aliyepanga.

"Shule basi," bibi akasema. "Atasoma duksi." Duksi ni chuo chao cha Kurani. Wakaondoka. Mtoto alikuwa anageuka nyuma kila hatua chache, bado na karatasi mkononi.

Siku nne nafasi yake ilikaa wazi kwenye mkeka. Wenzake walisema pa, karatasi ziliruka, nami sikufurahi hata kidogo. Siku ya tano nikajifunga mtandio, nikaenda kwa maalim wa duksi, mzee mwenye ndevu nyekundu za hina, nikamweleza yote, pamoja na habari ya papa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kubadilisha uso. Akatuma bibi na mtoto waitwe. Kisha akaomba karatasi.

Akaishika mbele ya ndevu zake. "Bismillahi," akasema. Karatasi ikatulia. Akajaribu punda. "Bunda." Ikatulia. Akajaribu mara ya pili, ikatulia vilevile, akanirudishia kana kwamba ni karatasi yenye kasoro.

Akamwinamia mtoto. "Karatasi ikiruka," akasema, "hiyo ni ya serikali. Shule nataka hiyo. Karatasi ikitulia, hiyo ni ya Mungu. Nimeeleweka?"

Kifonetiki hukumu ile ilikuwa na mapengo. Iliwaacha baba, bata na barabara wote mikononi mwa Mungu. Lakini sikuwa katika hali ya kukosoa.

"Sema punda," nikamwambia mtoto.

Karatasi ikaruka.

"Sema Bismillahi," akasema maalim.

Karatasi ikatulia kabisa. Bibi akaangalia karatasi, akamwangalia maalim, akaniangalia mimi muda mrefu zaidi. "Haya," akasema. "Kesho atakuja."

Kesho yake alikuja kabla ya punda. Nilikuwa nafuta ubao, nikaendelea kuufuta ingawa ulikuwa umeshatakata, maana machozi yalikuwa karibu. Akakaa mahali pake kwenye mkeka, akapekua mfuko wake, kisha akaniita.

"Mwalimu," akasema, "karamu yangu imepotea."

P yake ilikuwa safi kuliko yangu. Lakini karamu ile hakuitoa kwa bibi, wala duksi. Kwao kalamu ni qalin, na l yake hata mtoto wa kunyonya anaiweza. Ni kwetu mlimani ambako r na l ni ndugu wa tumbo moja, na hakuna aliyewahi kuja mlangoni kunilalamikia.

Nikamtafutia kalamu nyingine. Watoto walipotoka kucheza, nikachana kipande cha karatasi, nikakishika mbele ya mdomo, nikasema neno lile polepole. Nilisema mara nyingi. Karatasi haijui tofauti ya r na l.