Matabishi ya baiti moja

Florentine aliingia kwa hasira biro, ofisi yao ya Butembo. Programu yao ya kupokea picha za mashamba ilikuwa imeanguka tena, na mawakala wa Eringeti walikuwa wakimfokea kwa simu tangu asubuhi. Sehemu inayosoma picha ilipewa kikomo cha baiti milioni moja tu, maana nafasi iliyotengwa haikuzidi hapo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika jaribio la kutuma picha iliyozidi kwa baiti moja tu, ahakikishe inakataliwa.

Alifungua jaribio lile, akakodoa macho. Mtu alikuwa amelegeza kikomo kwa baiti moja, kisha akageuza na jaribio lenyewe ili lisimshtaki.

"Jean-de-Dieu! Juu ya nini uliharibu jaribio yangu?"

Mwenzake hakuinua hata kichwa. "Ilikuwa inakatala picha ya batu juu ya kitu kidogo sana. Lakini, Florentine, hata ku soko ya Musienene, mama akishapima maharagi, anaongeza kiganja juu. Nilibawekea matabishi tu."

Matabishi! Damu ilimchemka. Alinyakua birika la chai iliyokwisha kupoa, akammiminia Jean-de-Dieu kikombe chake mpaka ukingoni, na hakuacha kumimina. Chai ikafurika mezani, ikamchuruzikia kwenye suruali.

"Eh! Florentine, kimejaa!"

"Najua. Hiyo ingine ni matabishi."