Kompyuta Niliyoihurumia

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, na kidato cha nne changu kilikuwa kimenitosha hapa Roret mpaka juzi. Mpwa wangu Chebet alikuja na kompyuta mbili za kupima kwa ajili ya masomo yake ya chuo. Zote alizipa hesabu moja, ya kutabiri mvua.

"Anti, hii kubwa inabeba data kutoka kwa memori, pale inapowekwa, hadi kwa prosesa ya kupiga hesabu, halafu inairudisha. Hii ndogo inapiga hesabu humo humo kwa memori."

"Kama kukausha majani chai shambani, bila lori ya kwenda kiwandani?"

"Umeshika! Tunaona ni gani inatumia stima kidogo na haipati joto sana. Mwalimu anataka majibu leo. Niangalizie nikioga, lakini usiguse kitu."

Ile kubwa ilinguruma na kuchemka kama mtu wa kazi. Ndogo ilikaa kimya, baridi kabisa. Nikasema maskini, baridi ya Roret imeiua, na masomo ya mtoto wetu yanaenda nayo. Betri za redio zikichoka si tunazianika juani? Jua halikuwepo, kwa hivyo nikaisogeza karibu na jiko, polepole, bila kuchomoa waya. Nikajipongeza.

Chebet alirudi simu ikilia. Mwalimu wake alikuwa kwa video.

"Chebet, mbona huku kwa skrini yangu naona joto ya hiyo ndogo inapanda hivi? Hebu nionyeshe."

Chebet akageuza simu. Mwalimu akasogeza uso karibu na kamera.

"Na ni nani ameivalisha sweta?"

Ilikuwa yangu ya kanisani, na nilikuwa nimefunga vifungo vyote.