Mnada wa Mama Enid katika Grant Street

Nimejaliwa kipaji kimoja tu: kupatana bei. Katika soko la Kavumu, karibu na Bukavu, akina mama waliponiona walianza kufunika bidhaa zao. Kipaji hicho hakikunisaidia kitu huku Marekani: si Louisville, ambako nilibeba makatoni ghalani kule South End, wala Columbus, ambako niliwahi kumwomba dereva wa basi la jiji anipunguzie nauli. Ndipo nikahamia Buffalo, nikapata kazi ya kumtunza mama mmoja Mwingereza, Enid, nyumbani kwake Lower West Side.

Mama Enid alizaliwa Hadbury, mji mdogo wa Uingereza. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia aliolewa na askari wa Kimarekani, akaja naye huku, akafiwa naye, akabaki na nyumba yenye dirisha linalotazama barabara. Nilipoanza kazi nilikuwa na habari nyingi za ukimbizi wangu za kumsimulia. Sikupata nafasi. Kila asubuhi, nikimvalisha soksi, alinipeleka Hadbury.

Kwa hiyo Hadbury naijua kuliko Buffalo. Mfalme fulani wa zamani aliupa mji huo hati ya kufanya soko kila Jumatano, na watu wake bado walijivunia hati hiyo kana kwamba wino haujakauka. Uwanjani palikuwa na msalaba wa mawe, na wauza siagi walikaa kwenye ngazi zake. Hakuna aliyeruhusiwa kuuza hata yai kabla kengele haijalia. Kiwanja cha ng'ombe siku hizi ni maegesho ya magari, jambo ambalo Mama Enid hakulisamehe. Baba yake alikuwa dalali wa mnada pale. Wakulima walinunua ng'ombe kwa kuinua kidole tu, bila neno, na binti wa dalali alisimama nyuma ya uzio, amekishika kikapu kwa mikono yote miwili, asije akajikuna pua akauziwa fahali.

"Hukununua hata mara moja?" nilimuuliza.

"Wasichana hawakuinua kidole, Bagula."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Mwezi wa tatu, mwaka 2015, aliacha kula. Hakuwa na ugonjwa. Alisema tu kwamba chakula kimemchosha. Muuguzi msimamizi alikuja Jumatatu, akampima uzito, akaniita jikoni.

"Nikirudi Ijumaa nikakuta hali ni hii hii, itabidi ahamie kwenye nyumba ya wazee."

Mama Enid alisikia. "Na dirisha langu atalikalia nani?" aliuliza.

Jumatano ndipo akili yangu kubwa ilipofanya kazi. Siku ya soko! Nilimfunga skafu, nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu hadi Grant Street, kwenye duka la Nyirabeza, mama wa kwetu anayeuza unga wa muhogo, mawese na wale dagaa wa Ziwa Kivu tunaowaita sambaza. Njiani nilimweleza atakachokiona: Bagula mwenyewe akipatana bei. Nilifungua mlango, na kengele ndogo iliyofungwa juu yake ikalia.

"Ah," alisema Mama Enid, akakaa wima. "Soko limefunguliwa."

Nilichukua mfuko wa sambaza. "Hizi ngapi, mama?"

"Dola kumi, papa. Na salamu uliziacha Bukavu, ao?" Kwetu kila mwanamume huitwa papa, yaani baba.

"Kumi? Samaki wenyewe wamekonda kuliko mimi. Tano."

"Tano! Bon, nenda ukavue mwenyewe. Ziwa Erie liko pale."

"Sita, na matabishi." Ndiyo ile nyongeza ambayo muuzaji wa kwetu humpa mnunuzi ili arudi.

"Matabishi, na huyu mama umemleta kwenye baridi bila hata kofia! Nane."

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Nikamgeuzia mgongo, nikaelekea mlangoni, mbinu ambayo kule Kavumu haikuwahi kuniangusha. Nyuma yangu Nyirabeza akasema, "Tisa."

Nikageuka. Mama Enid alikuwa ameinua kidole kimoja, macho yake kwa Nyirabeza.

"Hapana, Mama Enid, huku tunashusha!" nilimnong'oneza kwa Kiingereza.

Kidole kikapanda tena.

"Kumi!" Nyirabeza naye akahamia Kiingereza, kwa sauti ya dalali.

"Saba!" nikapiga kelele.

"Papa, weye umeshatoka. Ulikuwa mlangoni." Kidole. "Kumi na moja! Kuna mwingine?"

Mwingine hakuwapo. Nyirabeza akagonga kaunta kwa kopo la nyanya. "Zimeuzwa kwa mama!" Akamwekea mapajani mfuko wa sambaza, na juu yake pilipili kiganja kizima. Matabishi yangu!

"Yule bwana," Mama Enid alimwambia, akinionyesha kwa kidevu, "hana moyo wa mnada."

Nyirabeza alicheka hadi akakalia gunia. Pesa nililipa mimi, maana mshindi hakuja na pochi.

Nyumbani nilizikaanga kwa nyanya, na pembeni nikaandaa viazi vya kuponda, kwa kuwa sikuamini. Viazi alivisukuma. "Hizi nimezinunua mwenyewe," alisema, akala. Akalalamika kwamba zina chumvi mno, akaomba nyingine.

Ijumaa muuguzi alimkuta na sahani mapajani, akaitazama, akanitazama mimi. "Umefanyaje?"

Nilifungua kinywa kueleza mpango wangu.

"Alishindana nami mnadani," alisema Mama Enid. "Maskini."

Muuguzi alisema Mama Enid atabaki nyumbani kwake.

Sasa kila Jumatano twaenda dukani. Nyirabeza ananipita, anamkumbatia yeye. Mimi nasimama nyuma ya kiti, nimekishika kikapu kwa mikono yote miwili, na pua ikiniwasha navumilia.