Sketi Tisa za Fundi Fidele

Nilikwenda milimani kwa sababu ya Kiingereza changu. Fundi Fidele, Mrundi mwenye cherehani pale Sydenham, Durban, alikuwa amepata kazi yake ya kwanza isiyo ya sare za kwaya. Alitakiwa kushona sketi tisa za mirabaraba kwa wazee wapiga zumari wa Kiskoti, wanaokaa chini ya milima ya Drakensberg. Kiongozi wao aliziona sare zake kwenye harusi akazipenda. Kwenda kuwapima hakukuhitaji lugha, lakini siku ya kukabidhi ilikuwa siku ya tamasha lao, na mimi nilishajisifu sana mtaani kwamba nakijua Kiingereza. Sikuwa na pa kutokea. Ulikuwa mwaka uliofuata Kombe la Dunia la 2010.

Alfajiri tuliondoka Durban. Fundi alivaa sweta mbili na koti juu.

“Fundi, unahamia huko?” nilimuuliza.

“Cheka tu, kaka. Kule iko baridi. Siku nawapima bale bapapa bazee, magoti yao yalikuwa yanatetemeka.”

Baada ya Pietermaritzburg ukungu ulianza, nami nikaanza utani. Nilitaka kujua wajomba zangu wa Tanga wangesema nini wakiona mwanaume na sketi. Fundi alinisikiliza mpaka Howick.

“Na ninyi Tanga, kikoi munachofunga ni suruali?”



Saa nne tulifika Underberg, kwenye uwanja wa tamasha. Kulikuwa na mahema, akina mama wanauza asali na soksi za sufu, na mabinti wakipiga fidla. Nyuma ya ukumbi nilisikia kama mbuzi wanagombania lango. Kumbe ni wazee wetu wanajaribu zumari zao, zile za mfuko wa kubana kwapani.

Kiongozi, Bwana Duncan, aliifungua sketi ya kwanza akayasifu marinda. Kisha akaigeuza, uso ukambadilika. Ndani, imeshonewa kabisa kwenye mkanda, kulikuwa na kaptula ya flaneli.

“Mwambie ni ya heshima, na ya baridi,” alisema Fundi. “Papa mwenye wajukuu hasimami mbele ya watu bila kitu.”

Bwana Duncan alijibu kwamba Mskoti wa kweli havai kitu ndani, babu yake hakuvaa, na yeye havai. Kaptula zitoke, la sivyo tuondoke na sketi zetu zote. Nikaiona kazi inaponyoka, na jina la fundi linaondoka nayo.

“Fumua, Fundi,” nilimshauri. “Anayevaa ni yeye.”

“Eish,” alisema tu, akakaa kwenye benchi akaanza kufumua. Nilimwonea huruma, na nikajionea aibu kwa kicheko changu cha njia nzima. Alipofika ya tisa, mwenye sketi hiyo akaja. Alikuwa Mzee Angus, mkongwe kuliko wote. Akaninong’oneza sikioni: yangu iacheni, na msimwambie mtu.

Saa saba walijipanga kwenye nyasi wakaanza kupiga. Upepo ukashuka kutoka mlimani. Sasa, zumari ile inataka mikono yote miwili, na sketi nayo siku ile ilitaka miwili. Mmoja aliacha kupiga akashika mbele. Wa pili akashika nyuma. Mabibi wa mstari wa kwanza walishangilia kuliko walivyoshangilia wimbo. Mwishowe ilibaki zumari moja tu. Mzee Angus aliupiga wimbo hadi mwisho, wima, macho mlimani.

Bwana Duncan alikuja kwetu kwa hatua fupi, mkono mmoja mbele na mwingine nyuma. Nilikohoa nitayarishe Kiingereza changu. Hakikuhitajika. Kaptula nane zilikuwa zimepangwa kwenye benchi, kila moja na jina la mwenyewe kwa pini, na Fundi alishatunga uzi kwenye sindano.

“Bapange mustari,” alisema. “Batangulie wenye umri.”

Jioni tuliteremka kurudi Durban na oda ya makoti tisa. Fundi alilala njia nzima, nami sikumtania hata mara moja.

Nilikwenda nikiamini mteja akishasema, fundi kazi yake ni kutii. Wiki ile nikampelekea kitambaa cha suruali. Aliniuliza naitaka vipi. Nikamwambia ashone anavyoona yeye.