Mkono wa Kushoto wa Mama Mbeleje

Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mwenyewe, saa nane mchana, Dodoma mjini, jua likiwa utosini. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, maana mbele hutapata nafasi.

Kwanza unijue. Nilitoka Kondoa na begi moja, nikaosha vyombo Malesia miaka minne huku nikisoma, nikarudi na stashahada ya katuni za kompyuta. Hakuna mjomba aliyenibeba. Leo nina studio ya vyumba viwili juu ya duka la vitenge la Mzee Karim, Mhindi aliyezaliwa mjini hapa hapa, na nina suti ya kunasa mwendo. Ni vazi lenye vihisio kwenye kila kiungo: mtu akilivaa akacheza, kompyuta inaandika kila alivyosogea, kisha mwendo huo unavalishwa kikaragosi kwenye skrini. Kanda hii yote ya kati, nani mwingine anayo? Nitajie.

Mteja mmoja alitaka kikaragosi cha mwanamke wa Kigogo anayepiga muheme, ile ngoma ambayo wanawake huibana mapajani wakiwa wamesimama. Nikamleta Mama Mbeleje kutoka Haneti, mpigaji wa miaka sitini na ushei anayesifiwa huko kote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyaya zote hizi, mwanangu, unataka kunichaji kama simu?"

Tulicheka. Alipiga dakika kumi hivi, nikamsindikiza stendi.

Kesho yake nikafungua faili. Mkono wa kushoto ulikuwa unastuka. Mwili wote ulikwenda laini, lakini kila baada ya mapigo kadhaa mkono ule ulivutwa nyuma na chini, ghafla, kama umenyakuliwa. Sikushangaa. Kihisio kikilegea, au kukiwa na chuma karibu, viungo huruka hivyo. Fundi anafungua mchoro wa mwendo, anaona mstari una vichuguu, anavilaza. Kazi ya kikombe kimoja cha chai.

Nikatazama video niliyompiga kwa simu wakati uleule. Humo mkono wake haukustuka hata mara moja. Tena hitilafu ya kihisio huruka ovyo, huku na kule. Huu ulivutwa upande mmoja tu, kimo kimoja tu. Nilipima kwenye skrini: kimo cha kiganja cha mtoto wa miaka sita au saba.

Mtu mwenye akili angesimama hapo? Angesimama. Mimi nilikuwa na stashahada.

Nikavilaza vichuguu kimoja kimoja. Nikachezesha tena, kimoja kimerudi. Nikakilaza, kikarudi. Mara tatu! Nikakasirika, nikafuta nukta zote za mkono ule, nikanyoosha mstari kwa nguvu, nikahifadhi juu ya faili la awali bila kubakiza nakala. Kosa hilo hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza hukatazwa.

Ndipo kiganja changu cha kushoto kikashikwa.

Sisemi kilikufa ganzi. Kilishikwa. Vidole vidogo, vya baridi, vyenye mchanga, vilijipenyeza katikati ya vyangu vikabana. Mtu sikumwona. Niliona shati langu likilowa kuanzia kwenye kifundo, na maji ya rangi ya udongo yakidondoka kwenye kibodi, yakishuka sakafuni. Nikavutwa, nikaanguka na kiti. Nikavutwa tena kuelekea mlangoni. Nikaukumbatia mguu wa meza kwa mkono wa kulia, nikamwita mama yangu.

Chini, Mzee Karim akagonga dari kwa mpini wa ufagio.

"Wewe fundi! Maji yako naharibu vitenge yangu!"

Maji yapi? Mgao wa maji ulikuwa siku ya tatu, mabomba makavu, na asubuhi ile yeye mwenyewe alikuwa amekuja kuniomba ndoo. Akapanda kunigombeza. Akaniona chini ya meza, akaona sakafu, akaona mkono wangu umenyooka hewani hauna wa kuuvuta. Alianza kusoma dua huku akirudi kinyumenyume hadi ngazini.

Mvuto ulipolegea, simu ikalia. Alikuwa Mama Mbeleje.

"Mwanangu, umeufanya nini mkono wangu? Umekuwa mwepesi."

Akanieleza jambo ambalo yeye hakuwahi kumwambia hata mumewe. Alipokuwa na miaka tisa alivuka korongo na mdogo wake wa kike, wameshikana mikono. Mchanga ulikuwa mkavu, mvua imenyesha mbali. Maji yakaja yote kwa pamoja. Yeye akapata mzizi, mdogo wake akamponyoka. Tangu siku ile kiganja kile hakikuwahi kuwa kitupu.

"Ananivuta twende huko," akasema. "Unadhani kwa nini napiga muheme? Nikiibana ile ngoma nikapiga, nakaa mahali. Nimeshindana naye hadi nimezeeka. Wewe una nini cha kukukalisha?"

"Nitamrudisha, mama. Namrudisha sasa hivi."

Kwa faili lipi?

Alikuja kesho yake, akavaa suti, akapiga. Mkono wake ukaandikwa laini kama samli. Nikaivaa mimi, nikasimama wima bila kutikisika. Mkono wangu ulistuka kila baada ya pumzi chache: nyuma, chini, kimo kilekile. Mama Mbeleje alitazama skrini akaziba mdomo.

"Nisamehe," akasema, "lakini jana nimelala usiku kucha."

Ningemlaumu vipi?

Huu ni mwaka wa pili. Wakati wa kiangazi yule mdogo mtu hunivuta kidogo tu, kama mtoto aliyechoka kutembea. Mvua zikianza ni habari nyingine. Msimu uliopita nilijikuta ndani ya korongo, sina viatu, maji yamenifika magotini yanapanda, na sikumbuki kutoka nyumbani. Wachunga mbuzi ndio walionivuta. Sasa kila Jumamosi napanda basi la Haneti, nabana ngoma katikati ya wanawake, nao wananicheka: "Mtazameni msomi wa Malesia, anapiga kama anatwanga!" Wacheke. Napiga vibaya, lakini nikipiga nakaa.

Wewe unayefanya kazi kama yangu, ukikuta kiungo kinastuka usiharakishe kukilaza. Weka nakala, kisha mtafute mwenye mwili umuulize ni nani amemshika. Mimi sikuuliza, na tangu asubuhi ya leo wingu limesimama upande wa Haneti.