Mimba Aliyoitangaza Kunegunda

Pale Bombambili nguruwe akipiga kelele asubuhi watu hawashtuki. Wanasema tu, "Oliva ameamka." Nguruwe wa mchinjaji mwingine atalia mpaka chai iishe mezani, wa Oliva analia mara moja. Anapigwa kisogo cha shoka utosini, kisu kinaingia pale shingo inapokutana na kifua, mkono unageuzwa kidogo, basi, mbuzi katoliki ameshaitwa na Muumba wake na pipa la maji ya moto linamsubiri kunyolewa.

Oliva mwenyewe ni mnene wa kifua na tumbo, mikono kama ya mbeba magunia ya mahindi, uso una chunusi ambazo wenzake waliziacha sekondari, na kidevuni ana ndevu. Si vinyweleo vya kusingizia mwanga. Ndevu. Siku moja mwalimu mmoja, mgeni wa kuhamia, akisubiri kilo yake alimwambia, "Dada, hayo maji ya moto yakibaki jimwagie kidevuni, tumalize kazi yote leo."

Watu walicheka. Oliva naye alicheka. Kisha akamkamata mwalimu ukosi, akamlaza shavu kwenye gogo la kukatia nyama, palepale penye damu, akampitishia bapa la kisu toka sikioni mpaka kidevuni, taratibu, kama kinyozi wa harusi.

"Wewe huna hata cha kunyoa, mwalimu," akasema. "Kilo yako na mifupa au bila?"

Mwalimu akasema bila, kwa sauti ya mwanafunzi wake.

Kitu kilichomshinda Oliva kilikuwa kimoja, na hakikuwa na shingo ya kukamata. Alitaka mtoto. Alikuwa ameolewa miaka sita na Kajetani, fundi wa kuezeka mabati, mwembamba, mwenye sauti nzuri ya kwaya. Kajetani akiwa juu ya paa alikuwa malaika. Akishuka akapitia kilabuni, alikumbuka kwamba hana mtoto, na mkono wake ulikumbuka pamoja naye. Ilianza na kofi. Baadaye ikawa mkanda. Siku aliyofika kwenye banda lake la nyama na jicho limevimba, Oliva aliwaambia wateja kwamba nguruwe amempiga kichwa, na wateja wakakubali, maana nyama ilikuwa nzuri.

Siku zake hazikufuata mwezi wowote unaojulikana duniani. Zilipotea miezi mitatu, minne, halafu zikarudi kama bomba lililopasuka. Alikunywa mizizi ya mama mkwe mpaka akatapika nyongo. Alisali novena. Alilala miguu ameiegemeza ukutani, huku Kajetani akikoroma kama aliyemaliza kuezeka shule nzima.

Mwaka huo baada ya mavuno, mama mkwe, Kunegunda, alikuja kukaa nao kutoka kijijini kwake ng'ambo ya Peramiho. Hakuwa hata ameketi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkamwana. Siku zako uliziona lini mara ya mwisho?"

"Kabla ya kuvuna, mama."

Kunegunda akamshika tumbo kwa mikono miwili, kama anayechagua boga sokoni. Akabonyeza huku, akabonyeza kule. "Kajetani," akaita, "njoo umsalimie mwanao."

Ikawa imekwisha. Daktari hakuulizwa. Mtoto akapewa jina la babu, Otto, na Oliva akaitwa Mama Otto kabla hajatapika hata mara moja. Ila katika ukoo wa akina Kajetani kuna mwiko: mwenye mimba hachinji, hata kuku. Wanasema damu ikiruka, mtoto huifuata. Kunegunda akakusanya visu vyote bandani, akavifunga kwenye khanga na kuvilalia.

Zulfa alikuwa wa kwanza kutia shaka. Zulfa ni Myao wa Nalasi, anashona nguo ng'ambo ya barabara. Ni rafiki wa Oliva wa kufa na kuzikana, ila hajawahi kukanyaga banda lake. Huongea kwa kupaziana sauti, kila mmoja upande wake, lami katikati kama shekhe na padri wametengewa viti.

"Umepima?" Zulfa aliuliza.

"Sijapima."

"Vipimo vimejaa pale duka la dawa. Unakojoa tu, shoga. Hata hilo linahitaji cheti?"

"Nikipima kikasema hapana, nitakuwa nimekosa na hii niliyonayo."

Zulfa akainamia cherehani yake. Kwa kweli ilikuwa ni mimba tamu. Kajetani alichota maji mwenyewe. Kilabu alikikimbia. Alimkanda Oliva miguu jioni, mikono ileile, na Oliva alikaa kitako akiitazama kama mtu anayetazama mbwa aliyemng'ata juzi akimlamba leo.

Kisha likaja agizo la nguruwe wa sherehe ya Komunyo ya Kwanza. Visu viko chini ya Kunegunda, mchinjaji haruhusiwi. Kajetani akasema atachinja yeye, mama yake akamtolea kisu kimoja. Mtu anayepiga misumari siku nzima atashindwaje na kichwa cha nguruwe.

Alipiga shoka, likateleza. Alichoma kisu, kikaingia begani. Dume lile liliinuka na kisu mwilini, likakata kamba, likavuka barabara likitapanya damu mpaka kibarazani kwa Zulfa. Zulfa alipanda juu ya meza ya cherehani akitaja majina yote ya Mwenyezi Mungu anayoyajua. Kajetani akalifuata kulishika mkia. Likageuka. Likamdaka pajani, likatikisa, na yule mwanakwaya akatoa noti ambayo kwaya yake haijawahi kuifikia.

Watu wote walikimbia, isipokuwa mmoja. Oliva alikuja na tumbo lake, akaking'oa kile kisu begani, akapiga goti juu ya mbavu za mnyama, akakizamisha mahali pake. Damu ilimruka kifuani, usoni, mdomoni. Meno yakaachia paja. Kajetani alikuwa hai, analia.

Kunegunda alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara ameshika kichwa. Hakumtazama mwanawe. Alitazama lile tumbo lililoloa damu.

Wiki haikuisha, Oliva akaanza kutoka damu. Si ya kawaida. Mabonge, na maumivu ya kumkunja sakafuni. Kunegunda alifunga mlango kwa komeo, akasimama mbele yake. "Amemchinja," alisema. "Nilimwambia. Amemchinja mjukuu wangu pamoja na nguruwe."

Kajetani, paja lina bandeji, alimpiga kwa mpini wa nyundo. Alimpiga mgongoni, mikononi, akampiga mdomoni jino likaruka chini ya kitanda. Kila pigo aliuliza, "Yuko wapi?" Na Oliva, yule aliyemlaza mwalimu kwenye gogo, hakuinua hata kiwiko. Ilikuwa hivyo kesho yake, na siku iliyofuata. Majirani tuliongeza sauti za redio. Ndivyo tulivyo mashujaa mtaani kwetu.

Zulfa ndiye aliyevuka barabara. Kwa mara ya kwanza alikanyaga lile banda, khanga puani, akamkuta Oliva ameegemea gogo, bado anatoka damu.

"Wewe unamwangusha dume," akamwambia, "unapigwa na mtu mwenye miguu ya kuku?"

"Nimeua mtoto wake, Zulfa. Mwache adai."

"Inuka. Utamlipa ukishakufa?"

Hospitalini daktari, dada kijana mwenye sauti ya upole, alimpima damu na mkojo, akampaka mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kile kipimo chake huku akitazama kioo.  Kisha akauliza habari za siku zake, za ndevu, za chunusi, za unene, kama anayemjua tangu utoto.

"Mama, hapakuwa na mimba," alisema.

"Ilitoka."

"Haikuwahi kuingia. Mayai yako hayakomai. Yanabaki madogo madogo, mengi, yamejipanga hapa, ona. Ni homoni. Ndiyo maana siku zinapotea, halafu zikija zinakuja zote kwa mkupuo. Ndevu nazo ni humohumo. Ugonjwa huu tunauita pisiosi, na wanawake wengi wanao. Unatibika vizuri, na wengi wanazaa. Utapunguza uzito, utameza dawa, na mumeo naye aje tumpime. Haya ya mgongoni amekufanyia nani?"

Oliva alivuta khanga akafunika mgongo. "Kwa hiyo sikuua," alisema. Akacheka, pengo linaonekana. Kicheko hakikufika mbali, maana neno la pili lilikuwa limeshafika. "Kwa hiyo sikuwahi kushika mimba."

Daktari akamsogezea kiti.

Nyumbani walikuta kikao. Kunegunda alikuwa amemleta baba mdogo wa Kajetani, mzee Rupert, msema chochote wa ukoo, pamoja na wazee wengine wenye njaa. Rupert alikuwa na habari njema. Ukoo umekaa, umesamehe. Oliva atakiri kwamba alivunja mwiko na kumtoa mtoto. Atapiga magoti, mumewe atamchapa kwa fimbo ya kutakasa mbele ya wazee, yatakwisha. Ndoa inabaki.

"Maana tumbo limeshaonyesha njia, mkamwana," Rupert alisema. "Mwanamke aliyeshika mimba mara moja atashika tena. Angekuwa mgumba tungeongea mengine."

Zulfa, mlangoni, alimnong'oneza, "Kubali. Wakijua ukweli wanakutoa leo."

Oliva alipiga magoti. Watu wanaosema hakusita, hawakuwepo. Alikaa pale chini muda wa mtu kusali Baba Yetu, na Kajetani akainua fimbo, mbichi, imechongwa vizuri; kama angechonga kenchi zake hivyo, paa za mji huu zisingevuja.

"Sema," Kunegunda alisema. "Sema ulimuua."

"Hapakuwa na mtoto," alisema Oliva. "Mama ulibonyeza mafuta. Mayai yangu hayakomai, nimepimwa, ninaumwa. Sijawahi kushika mimba hata siku moja."

Fimbo ilishuka. Ilimpata shingoni, ya pili ikampasua sikio. Ya tatu aliidaka. Akaivuta na aliyeishika. Kilichofuata tulishakiona mara nyingi nyuma ya banda: goti kwenye mbavu, mkono unazungushwa nyuma, uso ardhini. Kiganja cha Kajetani kilivunjika kwa sauti ya kuni kavu. Wazee walisimama wote, na wote wakakumbuka kwa pamoja kwamba visu viko chumbani.

Oliva hakutafuta kisu. Aliinama kwenye sikio la mumewe. "Daktari anakuita na wewe ukapimwe," alimwambia. "Ukinigusa tena sitangoja mtu atuamue."

Akainuka. Damu ya sikio ilikuwa inamchuruzika mpaka kwenye ndevu. Rupert alimwambia, kwa huzuni ya kweli, "Ungekubali tu kosa, leo ungelala ndani kwako."

"Nitalala bandani, baba."

Kunegunda alimsindikiza mtaa mzima akitangaza: mgumba, dume jike, mla mizizi ya watu bure. Kwa kuwa ndiye aliyetangaza mimba, alijua kona zote za kupitia. Kabla mvua hazijaanza, Kajetani aliletewa binti kutoka kijijini. Kupimwa hakwenda. Kiganja kiliungana upande, na nyundo haishiki vizuri.

Oliva anameza dawa zake, na jioni anapanda njia ya mlima Matogoro akitukana kila hatua. Amepungua. Siku zake sasa zinakuja kila mwezi, na zilipokuja kwa wakati mara ya kwanza alikaa nyuma ya banda akalia mpaka wateja wakajihudumia. Juzi Zulfa alimpazia sauti kutoka ng'ambo, "Shoga, mayai ndiyo hayo yanakomaa. Baba yuko wapi?"

Kulikuwa na foleni. Mwanamume mmoja kwenye foleni, mgane, dereva wa roli la mahindi, alikohoa na kunyoosha shati.

Oliva alimtazama toka viatuni mpaka utosini, kisu mkononi, kama anayekadiria kilo. "Maabara wanafungua saa mbili asubuhi," akamwambia. "Ukitoka huko na majibu, njoo tuongee. Na kama una mkono mwepesi wa kupiga, hapo hapo kwenye foleni pitiliza uende zako."

Mtu yule alichukua nusu kilo, akauliza maabara iko upande gani.